Saa Moja ya Kigongo

Nilipokuwa darasa la saba nilikosa swali moja la hesabu, na mpaka leo nikilikumbuka hasira zinanipanda. Basi linaondoka Mwanza saa mbili asubuhi kwenda Sengerema, kilomita sitini, kwa mwendo wa wastani wa kilomita arobaini kwa saa. Litafika saa ngapi? Nikaandika saa nne na nusu. Jibu lilikuwa saa tatu na nusu.

Ile saa ya ziada niliiongeza mwenyewe, kwa ajili ya kivuko. Tulikaa Kigongo, na mama aliuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya magari yaliyosubiri kuvuka ziwa kwenda Busisi. Subira yavuta heri, wanasema; kwetu subira ya wasafiri ndiyo iliyovuta ugali. Sikuwahi kuona basi likifika pale na kuvuka papo hapo.

Swali hilo moja likaninyima nafasi ya kambi, ambako waliofaulu jaribio walilala shuleni wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho. Nililia siku nzima. Kesho yake mama akaenda shuleni, ndoo ya mayai mkononi.

"Mwalimu, hilo basi lako lilivukaje? Liliogelea?"

"Mama, wastani umeshahesabu yote, kwenda na kusimama. Mtoto akiongeza saa, amelisubirisha basi mara mbili."

"Kwani pale kuna anayesubiri mara moja?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza, lakini alama hakunipa ng'o. Mama akanitafutia mtu wa kunifundisha jioni, na mayai ndiyo yaliyomlipa, mpaka nikafaulu.

Sasa nafundisha hesabu Mkolani, na mama anaishi nasi. Daraja limefunguliwa pale Kigongo, magari yanapita tu, na ile ndoo tunawekea unga. Juzi binti yangu alifanya swali kama lile, gari likienda kilomita sitini kwa saa. Linaondoka saa mbili, linafika saa tatu. Nikamwekea vema.

Mama alikuwa anachambua mchele pembeni. "Na pale Kigongo linasimama muda gani?"

"Halisimami, bibi. Siku hizi kuna daraja."

Mama akaendelea na mchele wake kidogo.

"Magari yangekuwa hayasimami enzi zile, mama yako asingesoma."