Kichwa cha Mkwe wa Lautoka

Nacheka sasa, lakini jueni aibu hii bado inaniwasha masikio, maana si kila mtu anapanda ndege tatu kutoka huku kwetu Goma mpaka kisiwa cha Pasifiki ili akamgonge mkwe kichwa mbele ya ukoo mzima.

Mdogo wangu Innocent ni fundi wa mitambo Lautoka, mji wa sukari kule Fiji, ambako treni ndogo za miwa zinapita katikati ya mji na harufu ya sukari inakufuata mpaka kitandani. Huko akampenda Litia, binti wa mkulima wa miwa, na kwa kuwa baba yetu ni marehemu, mama akanituma mimi mkubwa nikapose, na vikwembe sita, vitenge vya kuwapa wakwe, na fromaji, yaani jibini, ya Masisi (fromaji walininyang'anya uwanja wa ndege, ningepaswa kujua hapo hapo kwamba safari ina mkosi).

Njiani kwenda kwa wakwe Innocent akanionya mimi kaka yake: "Yaya, kule usiguse mutu kichwa, zaidi kichwa ya muzee, ni mwiko. Toa mukono tu."

"Wewe mutoto," nikamjibu, "utanifundisha kusalimia mukwe?"

Basi tukaingia, wote wamekaa kwenye mikeka, muzee, baba yake Litia, akaninyooshea mkono, nami nikajisemea mkono ni wa wageni, sisi tumekuja kuwa ndugu, nikamwinamia, nikamshika mabega, nikamsalimu kwa kugusanisha vichwa kama tunavyosalimiana wanaume hapa kwetu, kushoto, kulia, na ile ya tatu ya katikati (furaha, jamani!) ikatua ko! mpaka ua alilovaa sikioni likaanguka. Mama mmoja akapiga kelele, vijana wanne wakasimama, na mimi, nikidhani wamefurahi, nikamwendea kaka wa Litia na kichwa changu mbele!

Muzee akainuka, akatoka. Litia akalia. Innocent hakuniangalia usoni hadi nyumbani; alikuwa amemngoja huyo binti miaka minne, nami nimemharibia kwa dakika moja. Niliumia sana.

"Watu wa hapa wakikosa wanafanya je?" nikamuuliza.

"Wanaleta mizizi ya kutwanga kinywaji chao cha heshima, wanakaa chini, wanainamisha kichwa, wanangoja. Lakini yaya, ndege yako ni kesho."

"Itangoja, ao itaenda bila mimi."

Asubuhi nikanunua furushi kubwa la mizizi, nikakaa chini mlangoni pa muzee. Jua likapanda, majivu ya miwa inayochomwa yakaniangukia shingoni, miguu ikafa ganzi, muzee akanipita mara tatu kama jiwe la barabarani, na mimi sikuinuka, maana nilikuwa nimeapa kwamba mama hatasikia habari ya posa iliyokufa. Alasiri akasimama mbele yangu, akaichukua mizizi, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" nikamuuliza Innocent aliyesimama nyuma yangu.

"Anasema mutu mwenye anajua kuomba musamaha namna hii, nyumba yake inaweza kupokea binti."

Innocent alikuwa analia. Mimi pia, tusidanganyane.

Ndiyo maana siku ile niliporudi, mliponijia na vichwa vyenu pale mpakani nilirudi nyuma nikatoa mkono, mkasema nimekuwa muzungu. Semeni tu. Mwezi ujao muzee anakuja Goma kuona nyumba itakayompokea binti yake, na mimi nitakaa mlangoni pa nyumba yetu pale Katindo tangu asubuhi. Yeyote atakayepeleka kichwa chake karibu na kile cha muzee atanikuta mimi kwanza.