Mbegu za Mama na Bomba la Moshi

Daktari alisema mama asikae tena kwenye moshi. Hakusema akae wapi. Kwetu Ufipa ikifika miezi ya baridi upepo hupenya sweta utadhani hujavaa kitu, na mama yangu, tangu nipate akili, huianza siku kwa kuota moto. Nilimtoa kijijini akiwa ameniegemea begani, kifua kimembana, hawezi kumaliza sentensi. Daktari aliniambia wazi kwamba akirudi kwenye jiko la moshi, safari nyingine huenda tusimuwahi. Nikamleta mjini, kwangu Katandala, nikaapa kwamba mama yangu hatakufa kwa sababu ya kupika.

Alikuja na mfuko mdogo wa nguo na gunia kubwa la mahindi ya mbegu, yakiwa bado na maganda, yamefungwa mawili mawili. Kule kwake yalikuwa yananing'inia juu ya mafiga, yanapigwa na moshi mpaka yanakuwa meusi, na fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, hawayagusi. Sikumuuliza ameyaleta ya nini. Nilijiambia mtu mzima hubeba anachokipenda, nikayapachika kwenye waya jikoni na kuendelea na shughuli zangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nguo nikiitazama tu najua itakula kitambaa kiasi gani, lakini jiko la kuni lenye bomba sikuwahi hata kuliota. Nilimwendea kijana mmoja anayechomelea mageti, akanitengenezea jiko zuri la chuma, lina mlango na miguu minne. Nikamuuliza bomba liwe refu kiasi gani, na lipite wapi.

"Bomba ni bomba tu, mama," akaniambia. "Moshi wenyewe unajua njia."

Nikampigia simu kaka yangu aliyeko Namanyere, maana amejenga nyumba mbili na hupenda kuulizwa. Akasema nisithubutu kutoboa bati, nitakaribisha mvua ndani. Nipitishe bomba ukutani. Tukapitisha ukutani, likapigwa kona mbili, mdomo wake ukaishia nje chini ya ukingo wa paa. Siku ya kwanza kuwasha, upepo ulivuma kutoka upande huohuo, na moshi wote ukarudi ndani kupitia mlango wa jiko. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake.

"Naona na moshi umenifuata mjini," akasema, kisha akaanza kukohoa.

Nilikasirika mpaka nikakosa wa kumkasirikia. Nikaita fundi wa paa. Huyo alisema kila tulichofanya hakifai. Kona zitolewe, bomba lipande wima, litokeze juu kuliko kilele cha paa ili upepo usiurudishe moshi. Pale linapopita kwenye mbao za kenchi, tundu liwe pana na lizungushiwe bati, chuma cha moto kisiguse mbao. Juu livikwe kofia ya kuzuia mvua. Na kitu chochote kinachoshika moto kisining'inie karibu, kwa hiyo mahindi ya mama yakahamishiwa kwenye kona ya mbali. Hayo niliyaelewa. Kisha akaniambia niache upenyo chini ya mlango, hewa iingie.

"Nafukuza baridi, halafu niache upenyo?"

"Moto nao unavuta pumzi, mama. Ukiunyima, unarudisha moshi."

Nikakubali kama mtu anayekubali dawa asiyoijua. Yule kijana naye akaongeza kishikio kwenye bomba: kikilala sambamba na bomba, njia iko wazi, kikikaa kukingama, njia imefungwa. Alisema ni cha kupunguza moto ukizidi. Mpaka leo sina hakika nilikihitaji.

Lakini jiko likafanya kazi. Kuni zikawaka, nyumba ikapata joto, moshi ukawa unatoka juu na kuelekea kwa watu wengine. Mama akaanza kumaliza sentensi zake. Baada ya muda akaanza kulalamika kwamba ugali wangu wa ulezi haujaiva, nami nikafurahi kupita kiasi.

Halafu moshi ukarudi. Nikirudi jioni kutoka kwenye kibanda changu cha kushonea naikuta harufu kwenye mapazia, na mama anakohoa kile kikohozi cha kijijini. Nikiwasha mwenyewe, moshi unapanda vizuri. Nikiondoka, unarudi. Nilianza kudhani nina wazimu. Nikawaita wote siku moja, na kaka akapanda basi kutoka Namanyere kuja kuhakikisha kwamba alisema kweli. Kijana akasema bomba limezidi urefu, fundi wa paa akasema lina masizi, kaka akasema yeye alikataza tangu mwanzo kutoboa bati. Wakalifungua bomba, wakalisugua, wakawasha jiko. Moshi ukapanda. Mama akawamiminia chai, akawashukuru kila mmoja.

Siku moja nyuzi ziliniishia, nikarudi nyumbani kabla ya mchana. Jikoni kulikuwa kweupe kwa moshi. Mama alikuwa ameketi karibu na jiko, kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Mahindi yalikuwa yamerudi kwenye waya juu yake. Kishikio cha bomba kilikuwa kimekingama.

Nilikigeuza, nikafungua mlango, nikamtoa nje.

"Mama, unafanya nini?"

Alingoja kikohozi kipite.

"Navukiza mbegu, mwanangu. Fukusi wameingia."

Akanipa hindi alilokuwa amelishika. Nililiinamisha tu, unga ukamwagika kiganjani.

"Na daktari je?"

"Daktari alitazama kifua. Mbegu hakuiona."

Nikamwambia nitamnunulia mbegu dukani, nyingi kuliko hizo. Akanitazama kwa huruma, ile anayomtazama nayo mtu wa mjini.

"Ya dukani ukiirudia shambani msimu ujao inakukana. Hii ni ya mama yangu." Akavuta pumzi. "Sasa kama mbegu imekufa, mimi napona ili nikafanye nini?"

Nilisimama pale na unga mkononi. Miezi yote hiyo nilikuwa natafuta bomba la kumfanya mama akae kwangu. Yeye alikuwa anasubiri mvua arudi akalime.

Nikayatoa mahindi kwenye waya, yale mazima, nikayatia kwenye gunia. Nyuma ya uwanja wetu anaishi jirani yangu, mwanamke wa rika langu, mwenye jiko la udongo lisilo na bomba wala dirisha. Moshi wake hutoka kwa kupenya chini ya bati. Nikabisha hodi, nikamwomba anitunzie mbegu za mama juu ya mafiga yake mpaka mvua zianze.

"Hilo tu, dada?" akasema. "Moshi huku upo wa kutosha."

Akapanda kwenye kigoda. Nikawa nampa mahindi mawili mawili, naye anayatundika. Macho yalikuwa yananiwasha, nikasogea mlangoni nipate hewa. Katikati ya kazi akashikwa na kikohozi. Akashika nguzo, akainama, akangoja kiishe, na bila kunitazama akanyoosha mkono nimpe mengine.

Nikampa.