Jumapili Niliyompoteza Mama Mkwe Kisumu

Miaka michache baada ya uhuru nilishikwa na homa ya matumbo, nikawa wa kufa. Mama mkwe wangu ndiye aliyeniuguza. Aliniosha, akaninywesha uji, akalala chini kando ya kitanda changu. Nilipopona nilitaka kumshukuru, lakini kwa lugha gani? Mimi ni Mluhya wa Mundika, nimeolewa Malaba kwa Wateso. Ateso yangu, yaani lugha yao, ilikuwa ya salamu na ya jikoni tu, naye Kiswahili hakukijua. Kusema kweli nilimwogopa. Mume wangu, Emuria, akamwuliza kwa niaba yangu angependa nini. Akajibu: kuona askari wakipita na tarumbeta.

Jumamosi alfajiri tukaondoka wawili kwenda Kisumu, ambako kesho yake kulikuwa na gwaride. Lori la mahindi lilitufikisha Busia, na hapo tukapanda basi la Kisumu. Ugunja, Yala, Maseno: kila tuliposimama mama alinyoosha kidole, nikamtajia jina la mahali, naye akalirudia polepole. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu njia nzima.

Kisumu tulifikia kwa dada yangu, Felista. “Karibu mama, hapa ni kwako,” alisema, akatupikia samaki.

Jumapili, baada ya kanisa, tulisimama kando ya barabara kuu. Skauti walipita, kisha bendi ya polisi, shaba ikimetameta juani. Mama alipiga vigelegele mpaka askari mmoja akatabasamu. Bendi ilipokata kona, umati uliikimbilia, na mkono wa mama ukanitoka. Nilipogeuka, hayupo.

Nilizunguka soko, nikaenda stendi, nikarudi. Kila mtu nilimwuliza, “Umeona mama mzee wa kitambaa cha kijani?” Nilifikiria namna atakavyoita watu wasimwelewe, nikazidi kukimbia.

Karibu na jumba la sinema bawabu alinisikia.

“Dada, ni yule Mteso? Mimi mtu wa Amukura. Nilimsikia akilia kwa lugha ya kwetu, nikamwingiza apumzike. Mwenye jumba amekubali. Pita tu.”

Ndani kulikuwa giza, picha ya Kihindi ikionyeshwa. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa. Hata salamu hakunipa. Alinivuta kwenye kiti.

“Kaa,” alisema kwa Ateso. “Yule mwanamke bado hajampata mtoto wake.”

Kihindi hatukukijua hata mmoja wetu. Lakini mama alinisimulia picha yote kwa Ateso, akiwa amenishika mkono, nami nikamfuata vizuri kuliko siku yoyote. Mtoto alipopatikana tulilia sote wawili. Nikamwambia, “Eyalama, mama,” yaani asante, na nikaongeza kwa maneno yangu mabovu kwamba aliniponya. Alicheka matamshi yangu, kisha akanifuta machozi kwa kitambaa chake.

Kabla ya kutoka tulimshukuru bawabu. Mama alimbariki kwa kirefu, naye akavua kofia mpaka alipomaliza.

Jumatatu tulirudi Malaba, tukiongea njia nzima, mimi nikikosea na yeye akinisahihisha. Nilielewa kwamba tangu niolewe nilikuwa nikisubiri nijue lugha ndipo nikae naye, kumbe yeye alitaka nikae tu.

Jioni majirani walikuja kusikia habari. Mama akawaambia, “Mtoto wangu alipotea Kisumu. Mimi nilikaa mahali pamoja nikamngojea, akaja.”

Emuria alinitazama. Mimi nikamwongezea mama chai.