Jinsi Tulivyoacha Kumtazama Mwalimu

Nilijifunza kuongoza kwaya nikiwa na kitabu cha nyimbo kwapani. Mwalimu wetu wa kwaya alikibana hapo mwenyewe, chini ya mkono wangu wa kulia, akaniamuru nipige mapigo manne, taratibu, bila kukidondosha. Kilipodondoka, nilianza upya. Siku ile ya kwanza kilidondoka mara nyingi mno, mpaka nikashindwa kumtazama usoni.

"Kiwiko chako kinaruka kama kuku anayekimbizwa," aliniambia. "Nani atakufuata wewe?"

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilizaliwa upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwenye nyumba ya wafugaji na wakulima wa mahindi ambako Kimaa, yaani Kimaasai, ndiyo lugha ya mezani, nikashuka mjini kutafuta kazi. Niliipata mtaa wa Sakina, kwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi, nikajiunga na kwaya ya usharika wa kanisa uliokuwa karibu. Niliimba sauti ya pili. Sikuwa na sauti ya kusifiwa, ila nilikuwa na masikio. Mtu akikosea hata nyuma yangu, nilijua ni nani. Mwalimu aliligundua hilo kabla yangu, na bila kuniuliza kama nataka, akaanza kunifundisha kazi yake.

Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenyeji wa kijiji kimoja huko mlimani lakini aliyejenga Kimandolu. Hakuwa mtu wa kucheka. Kila Jumamosi alasiri, kabla wanakwaya hawajafika, tulikutana kwenye chumba cha shule ya Jumapili. Alikaa kwenye benchi mbele yangu akasema, "Mimi ndiyo kwaya. Niongoze." Kisha aliimba vile vile mkono wangu ulivyomwambia. Mkono ukisitasita, naye alisitasita. Mkono ukianguka kwa pupa, alipayuka. Kumsikia mzee mwenye heshima zake akiimba ovyo kwa sababu ya mkono wangu ilikuwa adhabu ambayo kiboko hakiifikii. Siku moja nililia.

"Malizia ubeti kwanza," alisema. "Utalia baadaye."

Mara moja tu alinisimulia habari zake. Mvua ilikuwa kubwa, bati likipiga kelele, hatukuweza kuimba. Alisema kwamba ujanani kanisa lilimpeleka Ujerumani kusomea muziki, akachagua kuongoza okestra. Wanafunzi wa kazi ile hawapewi okestra hivi hivi. Miezi na miezi wanasimama mbele ya wapiga piano wawili wanaojifanya okestra nzima. Wanazoezwa kusoma ukurasa wenye mistari ishirini, kila chombo na mstari wake, na kuusikia wote kichwani kwa wakati mmoja. Wanafundishwa kutambua fidla moja iliyopotoka kati ya fidla nyingi, na kusimamisha watu hapo hapo. Baada ya hayo yote, kila muhula mwanafunzi hupewa robo saa mbele ya okestra yenyewe.

"Robo saa," alirudia. "Niliinua mkono, watu sitini wakavuta pumzi pamoja nami. Hujawahi kuona kitu kama hicho."

Robo saa ya pili hakuipata. Baba yake alifariki, yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, akaitwa nyumbani kushika boma na wadogo zake. Hakurudi tena Ujerumani. Alifundisha hesabu darasa la nne kwa miaka thelathini, na jioni akafundisha kwaya. Aliponyamaza, mvua nayo ilikuwa imepungua. Akaniambia nichukue kitabu changu nikibane kwapani.

Miaka ilipita hivyo. Kisha, Jumapili moja, sauti ya kwanza walipanda juu kupita nota, wote kwa pamoja, jambo ambalo masikio yake yasingelivumilia hata kidogo. Mwalimu hakusimamisha. Aliendelea, uso umetulia. Nilidhani amechoka. Majuma machache baadaye aliwafokea waimbaji wa sauti ya tatu kwamba wamenyamaza, nao walikuwa wakiimba hadi mishipa imewatoka shingoni. Walitazamana. Tukaanza kumwona akiweka filimbi yake ndogo ya kutolea sauti karibu kabisa na sikio, akiipuliza mara tatu, mara nne, halafu akatupatia sauti ya kuanzia isiyokuwa yenyewe.

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa fundi magari, gereji yake haikuwa mbali na duka letu. Alikuja siku moja mchana akiwa na grisi mikononi, akangoja wateja waondoke.

"Dada, mwalimu hasikii."

"Najua."

"Nani atamwambia?"

Nilipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Yeye akatazama barabarani.

"Tukimwambia tutamuua," alisema. "Ile kwaya ndiyo maisha yake. Sasa mimi nimefikiri hivi. Wewe hamia mstari wa mbele, pembeni. Tutakutazama wewe. Yeye tumwache aendelee na mkono wake."

Nilipaswa kukataa. Nilisema nitajaribu.

Haikuwa ngumu. Nilishika faili la nyimbo mbele ya kifua, nikaongoza kwa kidevu, kwa macho, kwa kidole kimoja kwenye ukingo wa faili. Wanakwaya walizoea ndani ya mwezi mmoja. Mwalimu alisimama mbele yetu akipunga mikono, nasi tuliimba pembeni yake. Wimbo ulikuwa ukimpita kama watu wanavyompita mtu aliyesimama sokoni. Mara nyingine pigo lake na langu yaligongana, nikamfuata kwa hatua mbili tatu, kisha nikawarudisha wenzangu kwangu. Na nitasema ukweli: nilifurahia. Watu arobaini walikuwa mikononi mwangu na mikono yangu hata haikusogea. Nilirudi nyumbani nikijiona nimefuzu.

Tulikaa hivyo miaka miwili. Kwenye mashindano ya sharika tulishika nafasi ya pili, kitu ambacho hatukuwahi kukikaribia. Watu walimkumbatia mwalimu, wakampa kipaza sauti. Alisimama pale na suti yake ya kijivu, macho yamelowa.

"Nimehangaika nao muda mrefu," aliwaambia. "Leo wameuelewa mkono wangu."

Tulipiga makofi. Mwenyekiti alipiga kuliko wote. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Pasaka iliyofuata nililazwa kwa taifodi. Ijumaa Kuu nilikuwa kitandani na dripu mkononi, na niliyoyakosa nilisimuliwa na mwenyekiti jioni ile ile. Alikuja bado amevaa joho la kwaya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Tumeharibu," alisema.

Kwaya ilikuwa imeanza wimbo mrefu wa mateso, ule ambao mwalimu aliupenda. Ubeti wa kwanza walijikongoja. Wa pili, wengine wakajaribu kufuata mkono wa mwalimu, wengine wakatazama pale ninaposimama siku zote, pakiwa patupu. Sauti ya tatu ikakimbia, besi ikabaki nyuma, sauti ya kwanza wakapotea kabisa. Katikati ya ubeti wa tatu wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka kanisa likawa kimya.

"Na yeye?" niliuliza.

"Aliendelea." Mwenyekiti alifuta uso kwa mkono wa joho. "Aliendelea kuongoza, dada. Macho ameyafumba, kama afanyavyo akifika ubeti ule. Mikono inakwenda. Watu wote wanamwangalia. Sijui ni muda gani. Halafu akafumbua macho, akaona midomo yetu imefungwa."

Mwalimu alishusha mikono polepole. Aligeuka akawatazama waumini, akaona nyuso zao. Akachukua koti lake kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni, na ibada ikaendelea bila kwaya.

Kesho yake asubuhi alikuja hospitali. Nilimwona akiingia wodini, amenyooka kama kawaida, nikatamani kujifunika shuka gubigubi.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia. Alivuta kiti akakaa akinielekea usoni.

"Sema taratibu. Midomo naiona," alisema. "Jana macho yao yalitafuta mahali pako. Tangu lini wanakutazama wewe?"

"Mwalimu, tulifikiri…"

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Kwenye mashindano?"

Niliitikia kwa kichwa. Alitazama mikono yake, kwanza ya nje, kisha viganja, kama mtu anayekagua kitu alichorudishiwa kikiwa kimevunjika.

"Mlikuwa mnanicheka?"

"Hapana, mwalimu. Hakuna hata mmoja aliyekucheka. Tulikuwa tunakuonea huruma."

"Afadhali mngenicheka," alisema. "Anayechekwa husikia kicheko, angalau kwa macho."

Alisimama, akarudisha kiti ukutani kilipokuwa, akaongeza jambo moja. "Wengine siwalaumu, hawajui wanalosikia. Wewe ulisikia. Nilikufundisha kazi moja tu, kusikia kosa na kusimamisha." Kisha akaondoka. Yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu.

Wazee wa kanisa walinikabidhi kwaya kabla sijapona vizuri. Nilikwenda Kimandolu kwa mwalimu mara tatu. Mara mbili mke wake, mama mpole aliyekuwa akiuza vitenge, alinizuia getini akisema mwalimu amelala, na wote wawili tulijua hajalala. Mara ya tatu alinihurumia, akanipitisha hadi kwenye kona ya nyumba, akanionyesha bila kunisogeza karibu. Mwalimu alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki. Mapajani alikuwa na kitabu kikubwa cha muziki, cha okestra, kila chombo na mstari wake. Alikuwa akigeuza kurasa, kichwa kikitikisika kidogo kidogo.

"Walimpa kifaa cha masikio hospitali," mama alininong'oneza. "Anasema kinampigia mluzi tu, muziki hautoki. Kwa hiyo anasikiliza humo kitabuni. Huko hakuna wa kumdanganya."

Niliondoka bila kumsalimia.

Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa mvua, kwa kiharusi. Alianguka bafuni asubuhi na hakufika hospitali. Tulimsindikiza hadi kijijini kwao, kwenye shamba la kahawa na migomba alikozikwa baba yake. Kwaya nzima tulivaa majoho. Nilikuwa nimewafanyisha mazoezi siku tatu mfululizo, wimbo wake wa Ijumaa Kuu, beti zote. Niliapa moyoni kwamba safari hii hatutakosea.

Tulipojipanga kando ya kaburi, mama, mjane wake, alikuja kwangu ameshikwa mkono na binti yake.

"Msiimbe," alisema.

"Mama?"

"Ni neno lake mwenyewe. Aliliandika na kusaini. Kwaya isiimbe."

Mchungaji alimwinamia, wakazungumza kwa sauti ya chini, mama akatikisa kichwa. Basi tukasimama. Watu arobaini kwenye tope, majoho yanachuruzika maji ya mvua, midomo imefungwa. Sijawahi kuona mazishi ya namna hiyo kwetu, ambako hata mtoto mchanga husindikizwa kwa wimbo. Kilichosikika ni majembe na udongo mzito uliolowa ukigonga jeneza, na ng'ombe wa jirani. Kuna mwanamke mmoja nyuma kabisa, nadhani hakuwa amesikia agizo, alianza kuimba peke yake. Alifika mstari wa pili, akaona hakuna anayemwitikia, akaacha. Mikono yangu niliifunga kifuani. Ilikuwa ikitaka kuinuka.

Mwenyekiti alijiuzulu kwaya juma lile. Tukikutana barabarani tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi. Mimi niliendelea, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Miezi ilipopita nilijikaza nikaenda kumjulia hali mama. Safari hii alinikaribisha ndani, akanimiminia chai. Tuliongea habari za mvua na za bei ya vitenge. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi tangu njiani, nikaanza kuyasema. Akaninyamazisha kwa kuinua kiganja.

"Mimi hukaa benchi la tatu," alisema. "Kidevu chako nilikiona tangu Jumapili ya kwanza."

Nilibaki na kikombe mkononi.

"Miaka miwili nilikuwa nakiona. Tukirudi nyumbani ananiuliza, 'Leo wameimbaje?' Namwambia, 'Vizuri sana, baba.' Na kweli mlikuwa mnaimba vizuri." Alikunja ukingo wa kanga yake, akaukunjua. "Baada ya Ijumaa Kuu alinitazama, hakuniuliza. Hakuniuliza kitu hadi anakufa. Tulikula meza moja mwaka mzima."

Aliniongezea chai. Aliponisindikiza getini alisema nisijione mkosaji peke yangu, na kwamba nikija kusalimia nisije mara kwa mara, kwa maana akiniona hulala vibaya.

Ilikuwa Jumamosi. Nikashuka barabarani kuwahi mazoezi.