Sare Kumi na Moja za Fundi Jetha

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Fundi Jetha alikaa wima juu ya mkeka, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu huku akihesabu kwa vidole mizizi mitano ya mateso ya moyo, kama marehemu baba yake alivyomfundisha katika elimu ya yoga. Kutojua. Umimi. Kushikilia kinachopendeza, kuchukia kinachouma, kuogopa kufa. Kutojua, Jetha alipenda kusema, ndilo shamba lenyewe. Mizizi mingine yote huota humo.

"Basi lilime, fundi," Moza alimtania siku moja. Alikuwa mjane kutoka kijiji cha Likunja, mwaka wa nne sasa akimshonea vifungo, na magugu aliyajua.

Mwaka ule wa 1953 kazi ilikuwa imekauka Nachingwea. Mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ulikuwa umevunjwa miaka miwili nyuma, madereva wa matrekta wamerudi makwao, na kwenye rafu zikabaki sare zao kumi na moja za kaki, zimepigwa pasi, hakuna aliyekuja kuzichukua. Jetha alizipangusa vumbi na hakuruhusu mtu azishike. Kaka yake alimwandikia kutoka Lindi: mwezi ukiisha bila kazi, afunge duka aende huko. Moza alijua maana yake. Angerudi kwa mjomba wake kuomba kipande cha kulima.

Ndipo mwalimu mmoja akaja kutaka kaptula ishirini za wanafunzi. Jetha akamjibu kwa upole kwamba kaki hana, na hata Ruangwa haipatikani. Moza akaitazama rafu: kila sare, shati na suruali, ingetoa kaptula mbili za watoto. Akamwambia mwalimu arudi Ijumaa.

Mwalimu alipotoka tu, Jetha aliwaka. Sare za watu ni amana, alisema. Dereva akirudi atavaa nini? Atamjuaje tena Jetha kuwa ndiye fundi wa madereva, na si mshona viraka?

Moza hakubishana. Aliteremsha sare ya kwanza, akaitandaza mezani, akaigeuza ndani nje. Akashika wembe.

"Fundi, nakuuliza moja tu. Miaka miwili hii unamngoja nani?"

Jetha alikaa kwenye kigoda. Akautazama mshono wake mwenyewe, ulionyooka.

"Yule fundi wa madereva niliyekuwa mimi," alisema. "Hatarudi. Fumua."