Bi Shariffa, Mwalishi wa Vichupa

Kijijini kwetu Mtondoni, karibu na kivuko cha Pangani, ukiwa na harusi hupigi pembe. Unamtuma Bi Shariffa. Anajitanda leso yake nzuri, anapiga hodi, anavua viatu, anaketi mkekani. Anauliza hali za watoto, anauliza mgonjwa wa juzi ameamkaje, na ndipo anaposema, "Mmealikwa kwa fulani." Haruki nyumba hata moja, hata kama mwenye nyumba hasemi naye. Kazi hiyo ndiyo ualishi, naye alikuwa mwalishi wetu tangu mimi sijazaliwa.

Pembe ilikuwa ya Mzee Uweso, mpiga mbiu. Yeye alikuwa wa mambo ya serikali: kodi, mikutano, mbuzi waliopotea. Wawili hao walitaniana kila walipokutana.

"Miguu hiyo itakuisha, Shariffa. Mimi nasimama hapahapa wanakuja wote."

"Wanakuja wanaotaka, Uweso. Mimi nawaleta hata wasiotaka."

Bi Shariffa aliachwa na mumewe akiwa bado kijana. Alirudi kwao na sanduku moja, akarithi kwa babake kipande cha shamba la mpunga katika bonde letu. Hakuolewa tena. Ukimwuliza, alikuonyesha bonde kwa kidevu. "Mume wangu yule pale. Ananilisha na hanipigi."

Mwaka wa hamsini na sita, mwanangu Mohsin akiwa bado wa mgongoni, alikuja Bwana Afya kwa baiskeli, na darubini yake ndani ya kisanduku. Alikuwa Methusela, kijana wa Kishambaa kutoka milimani, mpole, wa kwanza kuamkia wazee. Alitaka kujua kichocho kimeenea kiasi gani kwetu, ule ugonjwa wa kukojoa damu unaomwingia mtu akikaa ndani ya maji. Jumbe wetu, Mwinyijuma, akamwagiza Mzee Uweso apige mbiu.

Siku ya kupima nilikwenda barazani kwa Jumbe kuomba dawa ya kikohozi cha Mohsin. Nilikaa pembeni nikimnyonyesha, nikaitazama foleni. Kila uso niliujua kwa maumivu yake. Walikuwapo vijana wanaoshinda wakiogelea katika kidimbwi cha kijiji, na watu waliokuwa wakilalamikia kinena tangu mfungo. Wazima walikuwa bondeni wanalima, nyimbo zao tukizisikia palepale tulipokaa. Niliona, lakini sikujua kama nilichoona ni neno la kusemwa.

Methusela aliporudi kuleta majibu, uso wake haukuwa wa kheri. Watu walijaa uwanjani.

"Wazee wangu," akasema, "katika kila watu kumi niliowapima, tisa wana kichocho. Wakubwa wa mjini wamesema kijiji kimeoza. Bonde lifungwe kabla ya mvua za kupandia, maana mnalima mpunga mkiwa ndani ya maji. Mtapewa mashamba kule juu kilimani."

"Kule juu kwenye mawe?" mtu akauliza. "Mpunga utaota kwenye mawe?"

Nikamtazama Bi Shariffa. Nilimwona akiufunga upya upindo wa leso yake, fundo juu ya fundo. Kisha akainuka.

"Bwana Afya, mwanangu. Umepima kijiji kipi?"

"Hiki hiki, mama."

"Mimi hukunipima." Akanigeukia. "Mama Mohsin, wewe ulipimwa?"

Nikasema, "La, Bi Shariffa. Nilikuwapo barazani, lakini niliowaona kwenye foleni walikuwa wagonjwa tu. Wazima walikuwa wanalima." Nilisema huku nikimtengeneza Mohsin mgongoni, maana sikuzoea kusema mbele ya wanaume.

Methusela akanitazama, kisha akamtazama mpiga mbiu. "Mzee Uweso, ulitangaza nini?"

Mzee Uweso akajikohoza. Akasimama wima kama siku ile, akasema kwa sauti yake ya kazi: "Enyi watu! Mwenye kukojoa damu, mwenye kuumwa kinena, aje kwa Jumbe apimwe!"

"Nilisema waje watu wote!"

"Wote? Nimwite mtu na afya zake aje akojolee chupani mbele ya mkwewe? Hiyo si kumchuria maradhi? Kesho akiugua, si nitaambiwa ni pembe yangu?"

Watu wakacheka, na Methusela naye akacheka, ameshika kichwa. Kila mtu pale alijua kwamba Mzee Uweso amefanya kwa adabu, na hakuna mzima ambaye angekwenda hata kama angeitwa.

"Kosa ni langu pia," Methusela akasema. "Niliona foleni ndefu nikafurahi, nisiulize ni ya nani. Ni sawa na kuhesabu vilema mlangoni kwa mganga wa mifupa, halafu useme mji mzima unachechemea. Wakubwa hawajatia sahihi amri hiyo bado. Nikiwapelekea hesabu ya haki, watasikia. Lakini nitawapataje wazima?"

"Utawaalika," akasema Bi Shariffa.

Tatizo likawa vichupa vya kutilia mkojo. Havikutosha watu wote. Methusela akamwambia Bi Shariffa achukue nyumba moja, aache mbili.

"Niruke nyumba? Mimi? Nitasemwa mpaka ndani ya sanda."

"Basi tupige kura, mama. Asichaguliwe mtu kwa kujulikana wala kwa kuugua."

Bi Shariffa akaenda kwake, akarudi na kikapu cha punje za mahindi, nyeupe nyingi na nyekundu chache, akakifunika kitambaa. Asubuhi yake akajitanda leso ya harusi. Mimi nikabeba vichupa, Mohsin mgongoni. Hodi, karibu, mkekani, watoto hawajambo? Kisha: "Mmealikwa na Bwana Afya. Tia mkono." Ikitoka nyeupe, tuliaga. Ikitoka nyekundu, ilipimwa nyumba nzima, bibi hadi mjukuu, kila mtu na kichupa chake chooni kwake, kwa sitara.

Hapakuwa na aliyekataa. Nani anakataa mwaliko? Ikafika mahali waliotoa nyeupe wakanuna. "Kwani sisi tuna nini hata tuachwe?"

Sleyum mwenye duka akatoa nyekundu. "Mnapoteza kichupa," akasema. "Mimi nauza chumvi, bonde silikanyagi."

"Kojoa, Sleyum," Bi Shariffa akamwambia. "Mdomo haupimwi."

Methusela alikaa na darubini barazani mpaka macho yakawa mekundu. Aliporudi kutoka mjini tulimsikia kabla ya kumwona, maana alikuwa akipiga kengele ya baiskeli njia nzima. Hakusubiri hata kushuka.

"Wagonjwa hawafiki robo! Bonde halifungwi! Vijana wanakipata kule kidimbwini, tutapazungushia uzio. Na wagonjwa wote watachomwa sindano!"

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia harusini. Mohsin alishtuka akalia, nikamrusha juu mpaka akacheka. Mzee Uweso akapuliza pembe bila kutumwa na mtu, akapuliza tena, mashavu karibu yapasuke.

Wagonjwa wa haki walipatikana, na wengine pembe isingewaleta kamwe: mabibi harusi wawili waliokuwa wakificha kwa haya, na Sleyum, ambaye kumbe kila Ijumaa alikuwa akioga kidimbwini.

"Nimealikwa harusi nyingi, Bi Shariffa," alilalamika akijishika tako baada ya sindano. "Hii ndiyo sitaisahau."

Mvua zilinyesha, watu wakapanda, mpunga ukainama. Asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa Bi Shariffa, leso ya harusi mwilini. Akavua viatu, akaketi mkekani, akauliza kikohozi cha Mohsin, nami nikangoja kusikia nani anaoa.

"Mmealikwa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaona haya, akainamia mkeka. "Mmealikwa kwangu. Navuna."