Saa Niliyoizima Gatumba

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinionyesha kiti kibovu na chipu ndogo kuliko ukucha, akasema, "Kabla ya kugusa kitu humo ndani, washa saa yake." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Chuo kikuu kilinifundisha hilo vizuri.

Saa ya chipu haisemi ni saa ngapi. Ni mapigo ya umeme yanayoisukuma kila sehemu hatua kwa hatua. Ukigusa sehemu ambayo saa yake imezimwa, mashine nzima inaganda. Ukiiacha inapiga bure, inakula betri. Mimi niliandika draiva, programu ndogo zinazoendesha vifaa, na kwa ubahili wa betri sikuwa na mpinzani.

Tulitengeneza kipimamaji cha Gatumba, mji wa kando ya mto: nguzo mtoni yenye sensa, kifaa cha kuhisi kina cha maji, na redio ya kuamsha king'ora karibu na nyumba za watu. Kila sensa ilipomaliza kupima, draiva yangu ilizima saa. Betri ilidumu. Mkuu alinisifu, na sifa hiyo niliivaa wiki nzima.

Kisha mto ukafurika mchana, king'ora kikakaa kimya. Watu walitoka salama, lakini maji yaliingia kwa Mama Furaha, muuza samaki jirani na nguzo. Alikuja karakana na viatu vyenye tope.

"Mashini yako inalala kuliko bwana yangu," aliniambia. "Mi niko na wajukuu wawili. Mvua ya pili, nitajuaje?"

Alipoondoka, Mkuu alivuta kiti.

"Sensa na redio, ziko na saa mbili?"

"Apana, Chef. Wanatumia moja."

"Na we unaizima hiyo saa sensa ikimaliza, redio ikiwa katikati ya kutuma. Kwenu Buyenzi, robine kubwa ya parseli ilifungwa na nani?"

Kwenye parseli yetu, ua mmoja, kaya sita zilitumia bomba moja, na hakuna aliyefunga robine kubwa, koki ya maji ya wote, bila kuuliza kwa sauti nani bado. Nilipokuwa mdogo niliifunga jirani akiwa na sabuni kichwani, nikatukanwa hadi jioni.

Nikaweka hesabu kwenye draiva: anayehitaji saa anaongeza moja, anayemaliza anapunguza moja, saa inazimwa hesabu ikifika sifuri. Mistari mitatu. Ilinichukua siku mbili.

Mvua iliyofuata, simu ililia. Nyuma ya sauti ya Mama Furaha king'ora kilikuwa kinalia.

"Wajukuu wako wapi, Mama?"

"Wako barabarani juu, na godoro, na kuku. Sasa nyamazisha hii kitu, tumeshasikia."

Sikuwa nimeweka njia ya kukinyamazisha.

Nimestaafu mapema, macho yamechoka na chipu. Vijana wakiniuliza nilifanikisha nini, nawaambia kuna bibi Gatumba anayelalamika kila masika kwamba mashine yangu ina kelele mno. Kila akilalamika, nashusha pumzi.